Asasi yetu haitafuti faida. Masoko yanatuhusu nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa asasi ndogo ya akina mama hapa Kilosa. Tunashona taulo za kike za kufua na kuziuza kwa bei ya chini ili mabinti wasikose shule. Pakiti ya taulo tatu tunauza shilingi 4,000. Wazazi wachache hununua, ila mzigo mkubwa unachukuliwa na mashirika mengine ambayo huenda kuzigawa mashuleni. Mwaka huu tumebaki na shilingi 1,200,000 na kamati imegawanyika. Mwenyekiti anataka tuchapishe mabango na fulana ili tujulikane. Mhazini anasema matangazo ni mambo ya wafanyabiashara, na kila shilingi inayokwenda kwenye bango imeibwa kwa binti aliyekosa taulo. Mimi naona wote wana hoja. Je, asasi isiyo ya faida ina nafasi gani kwenye masoko? Na tukiingia huko, hatutageuka kuwa duka?

Jibu: Marahaba, Katibu. Nianze na mhazini wenu, kwa sababu hofu yake naiheshimu. Asasi isiyokuwa na mtu wa kuuliza "hii shilingi inakwenda wapi" haifiki mbali. Alipoteleza ni pale alipodhani kwamba masoko ni bango. Na mwenyekiti kateleza papo hapo. Wote wawili wanaona masoko ni kelele; mmoja anaipenda, mwingine haitaki. Lakini tangazo ndilo jambo la mwisho katika kazi hii. Kabla yake kuna maswali ambayo yasipojibiwa, hata redio zote za Morogoro zikiwaimba hamtauza: Nani anaitumia bidhaa hii? Anaitaka iweje? Ataipatia wapi? Na itamgharimu nini, kwa pesa, kwa muda na kwa aibu?

Nimeitaja aibu kwa makusudi. Miaka kadhaa iliyopita asasi moja iliniita niwaandikie tangazo la redio. Walikuwa wameweka pedi kwenye duka la kijiji, bei nafuu kabisa, na hazitoki. Nikawaomba kwanza nikakae dukani asubuhi moja. Nilikaa kwenye kreti ya soda, nyuma ya kaunta. Nje palikuwa na benchi, na vijana wanne wa bodaboda wanacheza drafti. Kwenye saa nne akaja binti wa miaka kama kumi na minne. Akasimama, macho yakaenda rafu ya juu, pale pedi zilipopangwa kati ya betri na mishumaa. Mwenye duka, mzee mwema tu, akamuuliza kwa sauti, "Nikupe nini, mwanangu?" Kijana mmoja pale nje akageuza shingo. Binti akasema, "Chumvi ya mia mbili." Akalipa, akaondoka na chumvi yake. Baadaye akaja mwingine, naye akaangalia juu, kisha akanunua kiberiti.

Bidhaa ilikuwepo. Bei wangeimudu. Tangazo wangelisikia, na lisingewasaidia chochote, kwa sababu lingewaleta palepale mbele ya benchi la drafti. Tuliondoa pedi dukani tukazipeleka kwa mama mmoja fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka barabarani, ambako mabinti huenda kushonesha sare. Akawa anazitia kwenye mfuko mweusi pamoja na kitambaa chochote cha ziada, mtu akitoka unaona katoka kwa fundi. Zikaanza kutoka. Tangazo la redio sikuliandika, na malipo ya tangazo sikuyachukua.

Ndiyo maana nikiulizwa nafasi ya asasi kwenye masoko, sianzi na matangazo. Naanza na kumsikiliza yule ambaye hana uwezo wa kuwalazimisha mumsikilize. Mfanyabiashara asipomsikiliza mnunuzi, fedha zinakauka na anajua kosa limefanyika. Asasi inaweza kukaa miaka kumi bila kumsikiliza mtumiaji na fedha zikaendelea kuingia, kwa sababu anayelipa ni mwingine. Hilo ndilo tatizo lenu kubwa, nitalirudia.

Mjadala wenu wala si wa Kilosa peke yake. Mwaka 1969 wanazuoni wa masoko Philip Kotler na Sidney Levy waliandika makala iliyozua ubishi Marekani, wakidai kwamba hata taasisi zisizo za biashara, kama kanisa na chuo, nazo hufanya masoko, zipende zisipende. Mwaka 1971 Kotler na Gerald Zaltman wakaipa jina kazi ya kutumia mbinu za masoko kwa manufaa ya jamii. Sisi tunaiita masoko ya kijamii. Na Afrika Mashariki haikuchelewa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, huko Meru nchini Kenya, kulifanyika jaribio la kuuza kondomu kupitia maduka ya kawaida ya vijijini badala ya kuzisubirisha zahanati. Waliziita Kinga. Mwenye duka alipata chake kidogo, mnunuzi hakuhitaji kupanga foleni mbele ya muuguzi anayemjua mama yake. Wazo ni jepesi, lakini nyuma yake yupo mtu aliyejiuliza swali la aibu kabla ya swali la bango.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani yenu, mkoani mwenu humohumo. Mwaka 1996 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walianza mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukijulikana kama KINET. Wangeweza kuleta shehena ya vyandarua vyeupe na kuanza kuhubiri malaria. Wao walianza kwa kuuliza watu. Chandarua kilichoingia sokoni kilikuwa cha kijani kilichokolea. Mtu yeyote aliyelala kwenye nyumba ya udongo anajua sababu: cheupe kinaonyesha uchafu kabla wiki haijaisha, kukifua ni kazi, na kwa wengine kitambaa cheupe kilichotanda juu ya kitanda kinakumbusha sanda. Kikaitwa Zuia Mbu. Litazame jina hilo, Katibu. Halitaji ugonjwa, halitaji mradi, halina herufi kubwa za kifupisho. Linasema kile ambacho mtu anakitaka saa mbili usiku wakati mbu wanalia sikioni: wazuiwe, nilale. Malaria ilikuwa sababu ya mradi. Usingizi ulikuwa sababu ya mnunuzi.

Viliuzwa na nani? Wenye maduka, wahudumu wa afya, viongozi wa vijiji na wa dini. Wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kupunguziwa bei. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na kuongezeka kwa kunusurika kwa asilimia 27. Hao ni watoto wa Ifakara na Mahenge ambao leo ni watu wazima. Mhazini wenu akisema masoko ni anasa, msomee kifungu hiki.

Ile hati ya punguzo ilikua ikawa mpango wa taifa. Kuanzia 2004, mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa Hati Punguzo, akaenda nayo duka lolote lililojiunga, akaongezea kiasi kidogo, akapata chandarua. Kuanzia 2009 nyongeza yake ilikuwa shilingi 500. Mpango ulidumu hadi 2014. Ninachotaka mkione hapo ni kwamba aliyesimamia mpango hakufungua duka hata moja. Maduka yalikuwepo. Kazi ilikuwa kumpa mama nguvu ya kununua na kumpa mwenye duka sababu ya kuweka mzigo. Kwa hiyo swali lako la kugeuka duka lina jibu: asasi nzuri huingia sokoni ili kuziba pengo, na mara nyingi pengo lenyewe si ukosefu wa duka.

Wakati mwingine ni nauli. Pale hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, upasuaji wa fistula, lile tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu mama akawa anavuja mkojo, ulikuwa bure, na bado akina mama wengi hawakufika. Bure ya hospitali haimfikishi mtu hospitali. Kuanzia 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wao waliotapakaa mikoani. Balozi anamtafuta mama, anatoa fedha, anamkatia tiketi ya basi. Balozi naye alipata shukrani kidogo kwa kila mgonjwa aliyefika. Tangazo zuri kuliko yote kwa mama yule lilikuwa tiketi mkononi mwake.

Sasa bei, na hapa inabidi nikiri jambo. Kwa miaka mingi sisi watu wa masoko ya kijamii tulifundisha kwamba cha bure hakithaminiwi. Tulisema mtu akilipa hata kidogo atakitunza, na atakayepewa chandarua bure atakwenda kukivulia samaki. Nimelisema hilo kwenye semina, mbele ya watu, kwa kujiamini. Kisha wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakafanya jaribio magharibi mwa Kenya, katika kliniki za wajawazito. Kliniki nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine kwa bei ndogo tofauti tofauti, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40 za Kenya. Kutoka bure hadi shilingi 40, idadi ya waliochukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na wale waliopewa bure walivitumia sawasawa na wale waliolipa. Utafiti ulichapishwa 2010, na wakati huo Kenya ilikuwa tayari imegawa mamilioni ya vyandarua bure mwaka 2006. Tangu hapo nimeacha kuhubiri ile kauli. Bei ni chombo. Kuna bidhaa ambayo bei yake sahihi ni sifuri, na kuna ambayo bei ndogo ndiyo inayomfanya fundi aendelee kushona kesho.

Taulo zenu ziko upande gani? Sitaki kukujibu kutoka mezani kwangu, lakini naweza kukuonyesha pa kuangalia. Shilingi 4,000 si nyingi kwa mwaka, kwa sababu taulo ya kufua inadumu. Ila hakuna mtu Kilosa anayenunua vitu vya mwaka. Mafuta tunanunua ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya kukatwa kipande. Pedi za dukani zinamshinda binti kwa mwaka, lakini kwa siku ile moja zinamwezekana, na siku ile moja ndiyo anayoishi. Jaribuni kuuza taulo mojamoja kwa 1,400, na anayenunua ya tatu mumrudishie 200 yake. Jaribuni pia kuangalia kalenda: mahindi na mpunga vikishauzwa, mzazi ana 4,000, miezi ya njaa hana, na hasira ya kukosa anaimalizia kwa kusema "hizo taulo zenu ghali". Na ulizeni fedha ya nyumbani inashikwa na nani. Kama ni baba, basi binti analazimika kumweleza baba ni ya nini. Turudi kwenye ile chumvi.

Jambo jingine la bei, dogo lakini lina fundisho. Mwaka 2018 Serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Punguzo lilipotoka juu liliishia njiani. Nanyi mkimpa wakala punguzo bila bei kuandikwa kwenye pakiti, mtashangaa binti anauziwa 6,000. Andikeni bei kwa wino usiofutika.

Nilisema nitarudi kwa anayelipa. Umeandika, kwa kupita tu, kwamba mzigo mkubwa unachukuliwa na mashirika yanayogawa. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini kwanza. Maana yake ni kwamba mna wateja wawili na mmoja tu ndiye mnayemjua. Shirika linalonunua linataka pakiti nzuri yenye nembo, linataka risiti na picha. Binti anataka taulo isiyovuja, inayokauka, na asijulikane. Mkishona kwa ajili ya yule wa kwanza kwa miaka mitatu, taulo zenu zitakuwa nzuri sana kwenye picha.

Nimehudhuria hafla moja ya ugawaji kwenye shule fulani, na sijapenda kuhudhuria nyingine. Mabinti walipangwa mistari miwili mbele ya mgeni rasmi, kila mmoja kashika pakiti usawa wa kifua. Wavulana wamejaa madirishani. Binti mmoja mstari wa mbele aliigeuza pakiti, maandishi yakaelekea tumboni kwake. Mpiga picha akasogea, akamwambia kwa upole, "Geuza, dada, nembo ionekane." Akageuza. Ile picha nayo ni masoko, Katibu. Ilikwenda kumshawishi mfadhili, na gharama yake alilipa yule binti, kwa sarafu ambayo hatutamrudishia. Nawaomba, asasi yenu isifanye hivyo hata mara moja, hata mfadhili akiomba. Mfadhili anaweza kuonyeshwa mikono ya fundi, jora la kitambaa, kamba yenye taulo zimeanikwa, hesabu za taulo zilizouzwa na wapi. Akisema bila sura za watoto hatoi, mmejua ni mfadhili wa namna gani.

Na msidhani kwamba anayetoa lazima awe Mzungu au shirika la mjini. Mwaka 2011, ukame ulipobana kaskazini mwa Kenya, mifuko ya hisani ya kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki nne. Watu walituma kwa simu, wengine kiasi kidogo sana, na lengo likavukwa hadi ikabidi wapandishe jingine. Walichofanya kilikuwa sahili: namba moja ya kulipia ambayo hata mtoto ataikumbuka, jambo moja linaloombwa, na jumla ya makusanyo kutangazwa kila mara. Sisi tunachangiana harusi kila mwezi, na tunachanga misiba bila kadi. Aliyezaliwa Kilosa na sasa anafanya kazi Dodoma au Dar atatoa gharama ya mabinti wawili kwa mwaka kama ataombwa na mtu anayemfahamu na kuambiwa baadaye fedha ilifanya nini. Wengi wetu tunaomba vizuri na kushukuru vizuri. Kurudisha taarifa ndiko kunakotushinda.

Siku si nyingi pia atakuja mwenye kampuni. Atasema, "Wekeni nembo yetu kwenye pakiti, tutawapa kiasi fulani kwa kila moja." Biashara hiyo ina historia yake. Mwaka 1983 American Express ilitangaza kuchangia senti moja kwa kila muamala wa kadi yake kwa ajili ya kukarabati Sanamu ya Uhuru ya New York. Zikapatikana dola milioni 1.7 kwa sanamu, na kampuni ikapata wateja. Tangu hapo kampuni duniani kote zimejua kwamba jina jema la asasi lina bei. Sikatazi. Nasema tu muijue bei hiyo kabla ya kuuza. Kwa sababu kuna kazi nyingine ya asasi kwenye masoko ambayo inahitaji jina hilo likiwa safi, nayo ni kumkemea mwenye soko. Mwaka 1977 kikundi cha wanaharakati Marekani kilianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé kwa sababu ya namna maziwa ya kopo ya watoto wachanga yalivyotangazwa kwa akina mama wa nchi maskini. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa kuhusu uuzaji wa maziwa hayo. Wale wanaharakati walisikika kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba nao wanauza maziwa. Nanyi siku pedi mbovu zinazowasha ngozi zikiingia Kilosa, mabinti watakuja kwenu kwanza. Hakikisheni hakuna mkataba unaowaziba mdomo. Kama kampuni inakubali kwa maandishi kwamba mtabaki huru kusema, kaeni nayo mezani.

Kuhusu "isiyo ya faida", wengi huelewa vibaya. Maana yake si kwamba hamruhusiwi kuuza au kubaki na ziada. Maana yake ziada haigawanywi kwa wanachama. Inarudi kwenye kazi. Nendeni na katiba yenu kwa ofisi ya msajili wa asasi na kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), muulize mauzo yenu yanahesabiwaje, mpate jibu la maandishi. Fungueni daftari la mauzo mbali na daftari la misaada. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakozifanya asasi zionekane za wizi hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Sasa ile 1,200,000. Kwa kuwa umeniuliza kwa uwazi, nitajibu kwa tarakimu, nanyi mzibadilishe mnavyoona.

Fulana hapana. Nimeona stoo zenye fulana za kampeni zilizokwisha miaka mitano iliyopita. Tengeni 150,000 kwa nauli na soda, akina mama wawili wazunguke kata nne, wakae na mabinti, wakae na mama zao kando, wakae na walimu wa malezi. Wasiende na dodoso refu. Waende na taulo, waiweke mkekani, wanyamaze. Tengeni 350,000 kwa vitambaa vya majaribio: rangi tofauti, unene tofauti, zenye vifungo na zenye kamba, muwape mabinti kadhaa wazitumie miezi miwili bila kuwalipisha. Tengeni 300,000 za mzigo wa mali kauli kwa mafundi cherehani na wasusi watano au sita. Wauze, walete, wabaki na fungu lao kwa kila pakiti. Msusi ni wakala mzuri kuliko mnavyofikiri, kwa sababu kwake binti hukaa saa mbili na wanaume hawakai. Laki moja iende kwenye karatasi ndogo ya ndani ya pakiti, yenye michoro: namna ya kuvaa, kufua, kuanika. Hilo ndilo tangazo lenu, na litasomwa na mtu sahihi. Zinazobaki, laki tatu, aendelee kuzishika mhazini. Atalala vizuri, na mtazihitaji miezi miwili ikiisha, mkishajua kitu.

Mwenyekiti msimwache nje. Mpeni ile safari ya kata nne, akawe mmoja wa wale wanaokaa mkekani kama ni mwanamke. Kama ni mwanamume, akakae na akina baba, kwa sababu nao wana la kusema kuhusu hiyo 4,000 na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na kuna swali moja ambalo wasisahau kuliuliza hata kama wamechoka: unaianika wapi? Taulo ya kufua inataka jua. Lakini binti anayeona aibu kuinunua ataona aibu zaidi kuianika kwenye kamba ya uani, baba na kaka wanapita. Ataificha chini ya godoro au nyuma ya mlango, na masika ya Kilosa unayajua. Itakaa na unyevu siku tatu, kisha ataivaa. Hapo mnaweza kuwa mmempa ugonjwa kwa nia njema. Kwenye kikundi kimoja nilichowahi kufanya nacho kazi, binti mwenyewe ndiye aliyetoa dawa: akasema tushone upande wa juu kwa kitambaa cha maua kama cha kanga, ikikunjuliwa kambani ionekane kipande cha kanga kilichochanika. Hakuna mtaalamu kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo, na tulikuwa watano.

Kwa hiyo kama fundi wenu ana jora jipya mezani, mwambieni asilikate mpaka wale akina mama wawili warudi.